Siku ya Mwisho Kwenye Daraja la Mawe

Mtu aliyewahi kusafiri nchi za watu akiwa na mama yake mzazi ataelewa kwa nini Kitinda alikuwa amechoka kabla hata ya kunywa chai. Tangu kulipopambazuka, Mama alikuwa amekwisha kuulalamikia mto wa hoteli kuwa mlaini mno, maji ya bafuni kuwa ya moto mno, na dada wa mapokezi kuwa mpole mno, jambo ambalo kwa Mama lilikuwa dalili ya mtu anayeficha kitu.

"Leo ndiyo siku ya mwisho, Mama," Kitinda alimwambia huku akimfunga vifungo vya koti. "Kesho tunapanda ndege. Vumilia kidogo."

"Nani kasema sivumilii? Nasimulia tu."

Aliitwa Kitinda kwa sababu ndiye aliyefunga mlango wa uzazi nyumbani kwao, na jina hilo likamganda hata alipokuwa mtu mzima mwenye duka lake la miwani. Alikuwa fundi hasa. Alikata vioo, akanyoosha fremu zilizokaliwa na wajukuu, akawarudishia kina bibi uwezo wa kutunga uzi kwenye sindano. Watoto waliodhaniwa wazito darasani waliingia dukani kwake wakiwa wamekunja macho, wakatoka wakisoma vibao vya mtaani kwa sauti. Lakini macho ya mama yake mwenyewe yalimshinda. Ugonjwa ulikuwa umeyala katikati ukaacha pembeni, na hakuna kioo duniani cha kuziba pengo la namna hiyo.

Siku walipotoka kwa daktari, Mama alinyamaza njia nzima. Walipofika mlangoni akasema, "Nataka kuliona lile daraja kabla giza halijaingia."

Lile daraja lilikuwa kwenye kalenda ya jikoni. Mwaka wa kalenda ulikuwa umepita zamani, lakini Mama hakukubali ibanduliwe. Daraja la mawe lenye matao, mto mpana chini yake, na mnara wa kengele ukingoni. Ndugu za Kitinda walisema mgonjwa apumzishwe, asizungushwe dunia. Kitinda akawasikiliza wote kwa heshima, kisha akaenda kukata tiketi.

Mama alitoa sharti moja tu: watu wa kwenye msafara wasijue. "Sitaki kuhurumiwa na watu nisiowajua. Nitatazama kama wanavyotazama wao."

Basi wakatazama. Wakaenda kwenye chemchemi zinazorusha maji juu kuliko nyumba, kwenye bustani ya jumba la kifalme, kwenye ukumbi wenye madirisha ya vioo vya rangi. Aliyewaongoza alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba, mwenye sauti tulivu na lugha ya kwao, aliyeondoka nyumbani angali kijana akifuata masomo na asirudi tena kuishi. Msafara mzima ulimwita Kiongozi.

Siku za mwanzo tu, katika uwanja mmoja mkubwa, walisimama mbele ya sanamu ya mpanda farasi. Mama, kwa kutaka kuonekana naye yumo, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Huyu farasi kachongwa vizuri jamani! Hata misuli inaonekana!"

Sanamu ilikuwa ikifanyiwa ukarabati. Ilikuwa imefunikwa turubai kuanzia juu hadi chini.

Kitinda alitamani ardhi ipasuke. Mzee mmoja wa msafara, mwalimu mstaafu aliyekuwa hapitishi kosa bila kulisahihisha, alikwisha kufungua mdomo. Lakini Kiongozi alimwahi.

"Mama amegonga penyewe," alisema bila kubadilisha sauti. "Chini ya turubai hili yuko farasi anayesifiwa kwa misuli yake. Kainua mguu mmoja wa mbele, shingo kaikunja, na mpandaji kafungua kiganja kama anayeuliza njia."

Tangu saa hiyo Kiongozi alieleza kila kitu kwa namna nyingine. Hakutaja tu nani alijenga na kwa nini. Alitaja rangi ya mawe, jua linagonga wapi, ndege ametua juu ya nini. Aliwaeleza wote, ila alisimama daima upande wa kushoto wa Mama, upande ambao jicho lake lilikuwa bado na uhai kidogo. Hakuna aliyemwambia asimame hapo. Fundi miwani huona mambo kama hayo, na Kitinda alipoyaona, moyo wake ulitoka ulipokuwa umekaa kwa miaka ukahamia mahali pengine, kimyakimya, bila kumwomba ruhusa.

* * *

Kwenye basi asubuhi hiyo ya mwisho, Mama alimsogelea mwanawe.

"Yule kijana anayetuongoza anakuita kwa sauti nyingine."

"Sauti gani tena, Mama?"

"Sisi anatuita kama konda anayehesabu abiria. Wewe anakuita kama mtu anayeonja mchuzi."

Kitinda alijitia hamnazo, akatazama nje. Maduka yalikuwa yanafunguliwa, mwanamke mmoja akimwaga maji mbele ya mlango wake.

"Sikukatazi kuzungumza na watu," Mama aliendelea taratibu. "Lakini watu wa kazi hii maneno ndiyo chakula chao. Wiki hii katuonyesha sisi madirisha ya rangi. Wiki ijayo atawaonyesha wengine madirisha hayohayo, kwa maneno yaleyale. Wewe utabaki na nini? Picha."

"Hajaniambia lolote baya, Mama."

"Lolote baya ningelijua la kufanya. Hilo zuri ndilo linalonitia wasiwasi."

Basi liliposimama, ukungu ulikuwa umeufunika mto wote. Daraja halikuonekana hata kwa wenye macho mazima. Kiongozi akashauri waanze na mnara, kisha jua likipanda washuke darajani.

"Mpande ninyi," Mama alisema. "Mimi na Mwalimu magoti yetu yalistaafu pamoja naye."

"Sema magoti yako," Mwalimu akajibu kwa kujikweza. Alipoziona zile ngazi nyembamba zinavyojizungusha kwenda juu gizani, akavuta kiti kwenye mkahawa uliokuwa chini ya mnara, akaagiza chai ya watu wawili.

* * *

Juu kulikuwa na upepo na mapaa mekundu hadi upeo wa macho. Ukungu ulikuwa unachanika vipandevipande, mto ukijitokeza hapa na pale. Wasafiri wenzao walipiga picha, wakapigana picha, wakaanza kushuka mmoja mmoja. Kitinda alibaki. Kiongozi naye alibaki, akijifanya anakagua mlango.

"Hapa ndipo ninaposema maneno yangu ya kuaga," alisema hatimaye. "Kila kundi nawaambia wageuke, wautazame mji wote mara ya mwisho, halafu nawatakia safari njema."

"Basi sema."

"Leo hayaji."

Kitinda alicheka kidogo. "Mama anasema maneno ndiyo chakula chako."

"Hajakosea. Ila leo nimelala njaa."

Walitazamana. Siku zote hizo walikuwa wamezungumza kwenye ukumbi wa hoteli baada ya chakula cha jioni, Mama akiwa amejinyoosha chumbani. Wakazungumza habari za miwani na sanamu, za ndugu wanaopiga simu wakitaka kitu, za nyimbo walizoimba shuleni. Hawakuwahi kutazamana hivi, bila kikombe mkononi, bila mtu wa kuwapita.

"Baki," Kiongozi alisema.

Kitinda alijikunja ndani ya koti lake.

"Nyuma ya soko la maua kuna duka la miwani. Mwenye duka kazeeka, mikono inamtetemeka, anatafuta fundi wa kumwachia. Nimemweleza habari zako."

"Umemweleza lini?"

"Juzi."

"Kabla ya kunieleza mimi?"

Kiongozi akainamisha kichwa kama mwanafunzi aliyekutwa nje ya darasa. "Niliogopa kukuomba nikiwa mikono mitupu."

"Na Mama je?"

"Aje naye. Nyumba yangu ina chumba kinachopata jua tangu asubuhi."

"Jua!" Kitinda aligeukia ukuta wa mawe, akaushika. "Ngoja nikwambie. Kule kwetu Mama anajua kila sufuria iko wapi. Anapika, anafua, anapokea wageni, na nusu ya wageni hao hawajui kwamba haoni sura zao. Kizingiti cha jikoni kimepanda kidogo, anainua mguu bila hata kufikiri. Ukimtoa pale ukamleta kwenye chumba chako chenye jua, siku hiyo ndiyo atakuwa kipofu."

Kiongozi aliyatazama yale mapaa mekundu.

"Hilo sikuliwaza," alisema.

"Ungeliwazia wapi? Kazi yako ni kuwatoa watu kwao."

Yalitoka makali kuliko alivyokusudia. Aliyaona yakimwingia yule mwanamume, akaona asivyojitetea, na hilo likamuuma zaidi.

"Na wewe," akauliza kwa sauti ya chini, "huwezi kurudi?"

"Kwa nani?" Kiongozi alitabasamu, lakini tabasamu halikufika machoni. "Mara ya mwisho nilirudi kumzika mama yangu. Nilishuka uwanja wa ndege, watu wote wakakumbatiwa, mimi nikaita teksi. Nikalala hotelini katika mji niliozaliwa. Hapa angalau nikilala peke yangu sishangai."

Kitinda alikuwa na jibu. Lilimjia hadi kwenye ncha ya ulimi, neno fupi tu. Akamfikiria Mama kule chini na kikombe chake cha chai, akafikiria nyumba, duka, ndugu watakavyosema, akalimeza.

"Tushuke," akasema. "Wanatungoja."

Wakashuka, yeye mbele na Kiongozi nyuma. Ngazi zilikuwa nyembamba na mtu angeweza kumshika mwenzake mkono bila yeyote kuona. Hakuna aliyemshika mwenzake.

* * *

Chini, viti viwili vilikuwa vitupu. Chai ilikuwa imenywewa nusu.

Kitinda aliizunguka meza mara moja. "Mama yuko wapi?"

Mhudumu wa mkahawa alielekeza kwa kidevu huku akifuta meza. Kule mtoni.

Wakatoka wakitembea haraka, kila mmoja upande wake wa barabara. Ukungu ulikuwa umeondoka wote, na lile daraja lilikuwa limesimama mbele yao katika jua, tao baada ya tao, kama lilivyokuwa kwenye picha ya jikoni, ila kubwa zaidi, na lenye watu. Karibu na katikati, Mwalimu alikuwa amesimama na kofia yake mkononi kama askari wa zamu. Hatua chache kutoka kwake, Mama alikuwa ameegemea ukingo, viganja vyote viwili juu ya jiwe, akiupapasa taratibu.

"Mama! Si ungeniambia?"

"Ungenizuia."

"Nilimshika mkono kila ngazi ya kushukia huku," Mwalimu akajitetea. "Na alinikanyaga kila ngazi."

Mama hakugeuka. "Ukungu umekwisha ondoka?"

"Umeondoka wote, Mama."

"Basi kwangu ndio umebaki," alisema, bila uchungu, kama anayesema chai imepoa. "Kiongozi yupo?"

"Nipo, Mama."

"Umejua lini kwamba sioni?"

Kiongozi alimtazama Kitinda, kisha akatazama mto. "Tangu siku ya farasi."

"Na wewe Mwalimu?"

Mwalimu akakohoa. "Siku ya farasi hiyohiyo. Kusema kweli, Bibi, ni basi zima."

Mama aliuachia ukingo. Halafu mabega yakaanza kumtikisika, na Kitinda akamkimbilia akidhani analia. Kumbe anacheka. Alicheka hadi akashika ubavu.

"Wiki nzima nimesifia madirisha, nimesifia maua, kumbe nawachezea mchezo ninyi? Na mlininyamazia!"

"Ulivyokuwa unajitahidi," Mwalimu alisema, "kukusahihisha kungekuwa kukosa adabu. Na mimi nimemsahihisha kila mtu."

Kicheko kilipoisha Mama alifuta macho kwa ncha ya mtandio. Uso wake ukatulia.

"Kijana, njoo hapa upande wako uliouzoea. Kuna kitu nataka unieleze."

Kiongozi akasogea kushoto kwake. "Daraja hili, Mama, mawe yake yalitolewa..."

"Daraja achana nalo. Daraja nimelishika, limeniingia mikononi. Nieleze uso wa mwanangu."

Kitinda aliganda pale aliposimama.

"Nikimtazama," Mama aliendelea, "palipo na uso wake ndipo penye ukungu. Naona mikono yake. Naona viatu, naona koti lake linavyopepea. Uso siuoni. Sijauona tangu mwaka jana."

"Hukuniambia, Mama," Kitinda alisema.

"Ungelia. Na machozi yako nayo nisingeyaona. Ingetusaidia nini?"

Ni mara ngapi Kitinda amewachorea wateja ugonjwa ule kwenye kipande cha karatasi! Anachora jicho, kisha anatia duara jeusi katikati, anasema, hapa ndipo panapopotea. Hata siku moja hakujiuliza ni uso wa nani uliokaa ndani ya lile duara.

"Nakungoja, kijana. Na usinipambie. Mpambaji nitamjua."

Kiongozi alivuta pumzi. Aligeuka akamtazama Kitinda, na safari hii hakuwa na mlango wa kukagua wala kundi la kuhesabu.

"Katikati ya paji la uso ana mkunjo," alianza polepole. "Mdogo, wa mtu anayetazama vitu vidogo kwa karibu mchana kutwa."

"Huo ni wa baba yake. Endelea."

"Nyusi ya kulia iko juu kidogo kuliko mwenzake. Hupanda zaidi akisikia uongo. Chini ya macho kuna uchovu. Asubuhi huufunika kwa poda, mchana poda imekwisha kwenda zake. Pua imenyooka, nzuri. Karibu na sikio zimeota nywele mbili tatu nyeupe, sidhani kama mwenyewe anajua."

"Najua," Kitinda akasema.

"Akitaka kucheka, mashavu ndiyo huanza. Mdomo hukataa kwanza, unajibana, halafu unashindwa. Sasa hivi umejibana, lakini si kwa kicheko."

"Na macho?" Mama aliuliza, kwa sauti ndogo.

Kiongozi alikawia. Chini yao boti ilipita, watu wakiwapungia mikono watu wasiowajua.

"Macho hayanitazami mimi, Mama. Yanakutazama wewe. Nimekaa kazi hii muda mrefu, nimewaona watu wakitazama vitu walivyoviota maisha yao yote. Sijamwona mtu anayetazama kitu kama mwanao anavyokutazama wewe. Kila nikimtazama najiuliza mtu akitazamwa hivyo analala vipi usiku. Ningependa... ningependa siku moja nijue."

Hata Mwalimu hakuwa na la kusahihisha.

Mama alinyoosha mkono, Kitinda akaupokea, akauweka shavuni kwake. Vidole vilikuwa na baridi ya mawe. Vikapita kwenye paji, vikakaa juu ya ule mkunjo kidogo.

"Hayo uliyosema," Mama akamuuliza Kiongozi, "umewahi kuwaambia wageni wengine?"

"Hapana, Mama. Hayo hayamo kwenye kazi."

"Mnarani mlizungumza nini? Mmerudi hamsemezani. Nimewasikia kwa viatu, kila mtu anakanyaga kivyake."

"Aliniomba nibaki," Kitinda akasema. "Nikakataa."

"Kwa ajili yangu."

Kitinda akatazama maji.

"Kubaki usibaki," Mama alisema. "Mimi sihami, na sitadanganya kwamba sikuhitaji. Lakini usinigeuze mimi kuwa komeo, mwanangu. Ukijifungia ndani useme ni Mama." Akamgeukia mwanamume. "Na wewe, umemwomba abaki. Umemwomba akungoje?"

"Sikujua kama nina wa kuningoja."

"Nitakungoja," Kitinda akasema.

Lilikuwa ni lile neno la mnarani, limetoka lenyewe, mbele ya mama yake na mbele ya Mwalimu na mbele ya wapita njia. Akalirudia ili asije akalikana. "Uwanjani. Utakaposhuka, hutaita teksi. Nitakuwa nimesimama pale."

Kiongozi alifungua mdomo, na yeye aliyekuwa na neno kwa kila jiwe la mji ule hakupata hata moja. Akatikisa kichwa kukubali, akatikisa tena.

"Anakubali kwa kichwa," Mwalimu akamnong'oneza Mama, kwa faida yake.

"Nimejua. Ningesikia kama angekataa." Mama akauweka sawa mtandio wake. "Msimu wa wageni ukiisha, uje. Na uje na wakubwa wako. Mjomba wake ni mtu wa makuu, hampokei mtu aliyebisha hodi peke yake kama muuza miswaki."

"Sina wakubwa, Mama. Nina kaka mmoja tu, na hajaniandikia siku nyingi."

"Mwandikie wewe," Mwalimu alisema kwa ukali wa darasani. "Asipojibu, niandikie mimi. Suti ninayo, na kusema mbele ya watu nimesema maisha yangu yote. Ila usinikalishe karibu na mjomba mwenye makuu, tutagombana." Akavaa kofia yake, akampa Mama kiwiko. "Twende, Bibi, tumalizie chai. Na tafadhali, safari hii utafute pengine pa kukanyaga."

Wakaondoka taratibu, wakibishana kama daraja lina matao mangapi, Mama akishikilia idadi yake kwa ushupavu wa mtu aliyeyaona yote.

Kitinda na Kiongozi wakabaki wamesimama kando ya ukingo, pahali penye joto la viganja vya Mama. Kisha mkono wa Kiongozi ukausogelea mkono wa Kitinda juu ya jiwe, ukaushika, nao haukukimbia.

"Nilisema sawasawa?" aliuliza. "Nilikuwa natetemeka."

Kitinda alimtazama, kwa mara ya kwanza tangu mnarani. Mashavu yalianza. Mdomo ukakataa, ukajibana, ukashindwa.

"Pua," akasema, "umeipendelea."